Faili lililobanwa lipigwe bambo kabla ya kufunguliwa

MNUNUZI wa mahindi pale Himo halipii gunia lililoshonwa mdomo kabla hajalichoma bambo. Huchoma juu, akachoma katikati, akachoma chini, kisha akamwaga punje kiganjani na kuzitazama. Mwonjaji wa kahawa mjini Moshi naye hanunui kwa jina la kijiji lililoandikwa kwenye gunia; hudai sampuli, akaikaanga na kuionja. Lakini katibu wa chama cha msingi anayeyajua haya yote, akiletewa kwa barua pepe faili lililobanwa lenye jina la "Katalogi ya mnada", aghalabu hulibofya mara mbili papo hapo na kulimwaga lote ndani ya kompyuta ya ofisi.

Huko ndiko kununua mbuzi kwenye gunia. Tofauti ni kwamba mbuzi mbovu humtia hasara mnunuzi mmoja, ilhali faili bovu katika ofisi ya chama huweza kula malipo ya wakulima wa kata nzima.

Biashara ya kahawa ya Kirua Vunjo, kama ile ya Kilema, Marangu na Mwika, imekuwa biashara ya makaratasi tangu wakulima wa Kilimanjaro walipoanzisha umoja wao wa KNPA mwaka 1925 na kisha KNCU mwaka 1933. Karani alipima, akaandika stakabadhi, na kwa stakabadhi hiyo mkulima alidai malipo ya awali na baadaye malipo ya pili. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa katika msimu wa 1994/95, makaratasi yaliongezeka. Leo sehemu kubwa ya makaratasi hayo husafiri kwa njia ya mtandao: orodha ya madaraja kutoka kiwanda cha kukoboa, katalogi, rasimu ya mkataba, ankara, hati za benki na picha za mzigo. Kwa kuwa ni mengi, mtumaji huyafunga pamoja katika faili moja, ambalo jina lake huishia kwa .zip, .rar au .7z.

Makala haya yanaeleza faili la namna hiyo limetengenezwaje, lina hila gani, na namna mtu asiye fundi wa kompyuta anavyoweza kulikagua bila kuhatarisha fedha za wenzake.

HESABU YA HASARA

Kontena la futi 20 huchukua takriban magunia 320 ya kahawa safi ya kilo 60, yaani kilo 19,200, ambazo ni ratili 42,300 hivi. Kwa bei ya mfano ya dola 3 kwa ratili, mzigo huo una thamani ya dola 126,900. Mwezi Februari 2025, bei ya arabika katika soko la New York ilipopita dola 4 kwa ratili, kontena hilo hilo lilikaribia dola 170,000. Fedha hizo zote hupita katika mstari mmoja wa ankara: namba ya akaunti ya benki.

Mstari huo ndio unaowindwa. Mwizi wa siku hizi haibi mara tu anapoingia kwenye kompyuta. Hupandikiza programu ndogo inayonasa maneno ya siri, akaanza kusoma barua za chama kimya kimya, akajua mnunuzi ni nani, mzigo ni wa kiasi gani na malipo yanatarajiwa lini. Siku ya ankara inapofika, humpelekea mnunuzi ankara inayofanana kabisa na ile ya kweli, isipokuwa namba ya akaunti. Mnunuzi hulipa kwa nia njema, na chama hukaa kikisubiri.

Mwaka 2020 Interpol, pamoja na polisi wa Nigeria na kampuni ya usalama wa mitandao ya Group-IB, walitangaza kukamatwa kwa watu watatu mjini Lagos kwa wizi wa aina hiyo. Mwaka 2022 watu wengine watatu walikamatwa nchini humo kwa tuhuma za kutumia Agent Tesla, programu ya kunasa maneno ya siri, ili kuyapeleka malipo ya makampuni mahali pengine. Programu ya namna hiyo husambazwa sana kwa viambatisho vilivyobanwa, vikiwa na majina ya kawaida ya kibiashara: oda, ankara, orodha ya bei, hati za usafirishaji. Hayo ndiyo majina yanayopita kila siku katika ofisi ya chama cha msingi.

MZIGO UNAVYOFUNGWA

Kubana faili si uchawi. Chukua daftari la mapokezi la chama. Maneno "kahawa ya maganda, daraja la kwanza" yanaweza kujirudia mara 400 katika msimu mmoja. Programu ya kubana haiyaandiki mara 400. Huyaandika mara moja, na kila yanaporudi huweka alama fupi yenye maana ya "rudi nyuma hatua kadhaa, nakili herufi kadhaa". Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1977 na wataalamu wawili wa Israel, Abraham Lempel na Jacob Ziv. Kisha herufi zinazotumika mara nyingi hupewa alama fupi na zile adimu hupewa alama ndefu, utaratibu uliobuniwa na Mmarekani David Huffman mwaka 1952. Mmarekani mwingine, Phil Katz, alitoa muundo wa ZIP mwaka 1989, na katika toleo la pili la programu yake ya PKZIP akaziunganisha njia hizo mbili.

Kutokana na maelezo hayo, mkaguzi anapata mambo mawili ya kumsaidia.

La kwanza ni kwamba si kila kitu hubanika sawa. Majedwali na maandishi yenye kujirudia hupungua sana, hata kufikia robo ya ukubwa wake au chini zaidi. Picha za kawaida za simu karibu hazipungui kabisa, kwa sababu zimekwisha kubanwa na simu yenyewe. Kwa hiyo uwiano kati ya ukubwa wa faili lililofungwa na ukubwa wa vilivyomo ndani unaeleza kitu, kama vile uzito wa gunia unavyomweleza mpokeaji kama ndani kuna kahawa au pumba.

La pili ni kwamba faili la ZIP hubeba hati ya mzigo wake lenyewe. Mwishoni mwake kuna orodha ya vyote vilivyomo: jina la kila faili, tarehe, ukubwa kabla na baada ya kubanwa. Orodha hiyo husomeka bila kufungua mzigo. Hata faili la ZIP lililofungwa kwa neno la siri kwa kawaida huacha majina na ukubwa vikionekana. Hili ndilo tundu la kupitishia bambo.

HILA TANO ZA KUJIHADHARI NAZO

Hila ya kwanza ni kubadilisha sura. Windows isiporekebishwa huficha herufi za mwisho za majina ya mafaili inayoyafahamu. Faili linaloitwa "Katalogi.pdf.exe" huonekana kama "Katalogi.pdf", nalo si karatasi bali ni programu. Hila hii ni ya zamani: mwezi Mei 2000 kirusi kilichoanzia Ufilipino kilienea duniani kikiwa na jina la LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na wengi walidhani wanafungua barua ya maandishi matupu. Ipo hata namna nyingine ya ujanja zaidi. Kompyuta ina alama isiyoonekana ya kugeuza mwelekeo wa maandishi, iliyowekwa kwa ajili ya lugha zinazosomwa kutoka kulia kama Kiarabu. Mdanganyifu akiipachika katikati ya jina, faili ambalo kwa hakika linaishia kwa "fdp.exe" husomeka machoni kama linaishia kwa "exe.pdf".

Hila ya pili ni kuufanya mzigo uruke ukuta. Katika orodha ya mzigo, kila faili huandikiwa njia ya mahali pa kuwekwa. Mtengenezaji mwovu huandika njia yenye alama ../ ambayo maana yake ni "panda ngazi moja juu". Alama hiyo ikirudiwa mara kadhaa, faili halitui katika folda iliyochaguliwa, bali huenda kuketi miongoni mwa mafaili ya mfumo, au katika folda ya programu zinazojiwasha kompyuta inapowashwa. Mwezi Juni 2018 kampuni ya Snyk ilitangaza kwamba programu nyingi zilikuwa na udhaifu huo, ikaupa jina la Zip Slip.

Hila ya tatu ni kulipasua ghala. Faili maarufu liitwalo 42.zip lina ukubwa wa takriban kilobaiti 42 tu. Ndani yake mna mafaili 16 yaliyobanwa, na ndani ya kila moja mengine 16, hivyo hivyo kwa tabaka tano, hadi faili la mwisho lenye gigabaiti 4.3. Ukizidisha 16 mara tano unapata mafaili 1,048,576, na jumla yake ni petabaiti 4.5, kiasi kisichoweza kuingia katika kompyuta yoyote ya ofisi. Mwaka 2019 Mmarekani David Fifield alionyesha kwamba hata tabaka hazihitajiki: faili moja la megabaiti 10 linaweza kumwaga terabaiti 281 kwa mkupuo mmoja. Faili la namna hii haliibi kitu, ila huigandisha kompyuta au kuiangusha programu ya kuzuia virusi, na pengine ndilo lengo.

Hila ya nne ni kumshambulia mfunguaji mwenyewe, yaani programu inayotumika kufungua. Hii ndiyo inayowashinda hata waangalifu. Mwezi Februari 2019 kampuni ya Check Point ilitangaza kasoro katika WinRAR iliyokuwa imelala humo kwa takriban miaka 19, ndani ya sehemu ya kufungulia muundo wa kizamani wa ACE. Faili la ACE liliweza kupewa jina la .rar, na likifunguliwa hupanda programu mahali lisipotakiwa. Mwezi Agosti 2023 Group-IB ilieleza kasoro nyingine ya WinRAR iliyokuwa ikitumiwa na wahalifu tangu Aprili mwaka huo dhidi ya wafanyabiashara wa masoko ya fedha. Ndani ya faili palikuwa na picha au hati ya kawaida, na kando yake folda yenye jina lile lile. Mtu alipobofya hati ili aitazame, programu iliyojificha katika folda ndiyo iliyoamka. Kompyuta zisizopungua 130 za wafanyabiashara ziligundulika kuambukizwa. Kasoro hiyo ilizibwa katika toleo la 6.23. Mwezi Julai 2025 ikazibwa nyingine, katika toleo la 7.13, baada ya kampuni ya ESET kukuta ikitumiwa kupitia mafaili yaliyotumwa kama maombi ya kazi.

Somo la hapo ni dogo lakini lina uzito. WinRAR haijisasishi yenyewe. Kompyuta iliyowekewa programu hiyo na fundi miaka kadhaa iliyopita bado ina matundu yote yaliyozibwa tangu siku hiyo, mpaka mwenye kompyuta apakue toleo jipya kwa mkono wake.

Hila ya tano ni kufuli la uongo. Faili hufungwa kwa neno la siri, na neno lenyewe huandikwa katika barua ile ile. Mpokeaji hudhani mtumaji ni mtu makini. Ukweli ni kwamba kufuli hilo limewekwa ili mlinzi wa barua pepe, yaani programu inayokagua viambatisho, asiweze kuona ndani. Mtu anayefunga mlango kisha akautundika ufunguo kwenye kitasa hakusudii kumzuia mwizi.

BAMBO LENYEWE, HATUA KWA HATUA

Kwanza, uliza. Kabla ya kugusa faili, mpigie mtumaji kwa namba iliyomo katika daftari la chama, si ile iliyoandikwa chini ya barua yenyewe. Swali ni moja: je, umetuma faili lenye jina hili leo? Dakika mbili za simu huziba njia nyingi kuliko programu yoyote. Kama mtumaji hajulikani kabisa na hakuna aliyekuwa akingojea faili hilo, hatua zinazofuata hazina haja, lifutwe.

Pili, lihifadhi bila kulifungua. Tengeneza folda tupu, uliweke humo, na uliache programu ya kuzuia virusi ilikague. Ikisema ni baya, kazi imekwisha. Ikisema ni salama, usishangilie, kwa kuwa programu hizo hutambua zaidi yale yaliyokwisha kuonekana kwingine. Ni vema ukaguzi ufanyike katika kompyuta isiyotumika kwa mambo ya benki wala kuhifadhi daftari la wanachama. Kompyuta kuukuu isiyounganishwa na mtandao, ambayo ofisi nyingi huwa nayo kabatini, inafaa sana, mradi flashi iliyotumika kubebea faili isirudishwe kwenye kompyuta nyingine kabla ya kusafishwa. Wenye Windows 10 au 11 ya daraja la Pro wana Windows Sandbox, iliyotolewa mwaka 2019. Hicho ni chumba cha muda ndani ya kompyuta, ambacho kikifungwa kila kilichomo hupotea. Chumba hicho nacho kinyimwe mtandao na folda za ofisi.

Tatu, angalia muhuri. Rekebisha Windows ili ionyeshe herufi za mwisho za majina, na utazame safu inayotaja aina ya faili. Jina likisema pdf na safu ikasema ni programu, amini safu. Kwa uhakika zaidi, herufi za mwanzo kabisa za faili lenyewe husema ukweli hata kama jina limebadilishwa. Faili la ZIP huanza na herufi PK, ambazo ni za jina la Phil Katz. Faili la RAR huanza na Rar! na la 7z huanza na 7z. Programu ya Windows huanza na MZ, herufi za jina la Mark Zbikowski, mmoja wa wataalamu wa Microsoft. Kinachojiita .zip lakini kinaanza na MZ ni mwizi aliyevaa kanzu. Zingatia kwamba hati za Word na Excel za .docx na .xlsx nazo huanza na PK, kwa sababu kwa ndani ni mafaili ya ZIP. Hilo pekee lisikutie shaka.

Nne, soma hati ya mzigo. Anzisha programu ya 7-Zip, ambayo ni ya bure, kisha ufungue faili kutokea ndani ya programu hiyo. Itaonyesha orodha tu. Hakuna kinachomwagwa mpaka uamuru. Wenye Linux au Mac hutumia amri ya unzip -l. Wakati huu usibofye kitu chochote ndani ya orodha, kwani kubofya ni kufungua, na ndivyo walivyonaswa wale wafanyabiashara wa mwaka 2023. Tazama mambo manne:

Majina. Katalogi au ankara hutarajiwa kuwa .pdf, .xlsx au .docx. Majina yanayoishia kwa .exe, .scr, .js, .vbs, .bat, .lnk, .iso au .img hayana kazi katika biashara ya kahawa. Yale ya .docm na .xlsm hubeba amri ndani yake, nayo yatiliwe shaka. Faili jingine lililobanwa ndani ya lile la kwanza nalo lihojiwe: kwa nini mzigo umefungwa mara mbili?

Njia. Jina lolote lenye ../ au linaloanza na / au C:\ lina maana kwamba mzigo unataka kuruka ukuta. Usiendelee.

Uwiano. Gawanya ukubwa wa ndani kwa ukubwa wa nje. Jedwali la kilobaiti 900 lililobanwa kuwa kilobaiti 150 lina uwiano wa 6, nao ni wa kawaida. Njia ya kawaida ya ZIP haiwezi kupita uwiano wa takriban 1,032 kwa tabaka moja. Faili la ofisini lenye uwiano unaozidi 100 lisifunguliwe bila maelezo.

Mantiki. Kiwanda kilichosema kinatuma orodha ya madaraja ya AA, A, B na PB kitatuma mafaili machache yenye tarehe za karibuni. Faili moja tu lenye tarehe ya ajabu, au jina la Kiingereza la jumla jumla lisilotaja chama, namba ya shehena wala msimu, halifanani na kazi ya kiwanda.

Tano, jaribu uzima wake. Programu hizo zina amri ya kujaribu faili bila kuhifadhi kilichomo, kwa mfano unzip -t. Jaribio hilo huonyesha kama faili limeharibika njiani, jambo la kawaida pale mtandao unapokatika katikati ya kupakua. Lisichukuliwe kuwa cheti cha usalama: faili la mwizi nalo huweza kuwa zima kabisa. Lifanyike baada ya kuangalia uwiano, kwa sababu kujaribu faili la kupasua ghala ni kuisumbua kompyuta bure.

Sita, toa kimoja kimoja. Ingia kwenye kompyuta kwa jina la mtumiaji wa kawaida asiye na mamlaka ya kuweka programu. Toa faili moja unalolihitaji, liingie katika folda tupu, na ulikague tena kwa programu ya kuzuia virusi.

Saba, soma karatasi kwa tahadhari. Word au Excel ikiuliza kama uruhusu amri zilizomo ndani ya hati, jibu ni hapana. Ankara husomeka bila amri. Tangu mwaka 2022 Microsoft imekuwa ikizuia amri hizo katika hati zinazotoka mtandaoni, lakini kizuizi hicho hutegemea alama inayobandikwa kwenye faili wakati wa kupakuliwa, na si kila programu ya kufungulia huihamishia alama hiyo kwenye vilivyotolewa. 7-Zip yenyewe iliongezewa uwezo huo mwaka 2022 tu, na mtumiaji hutakiwa kuuwasha. Kasoro yake katika jambo hilo ilizibwa katika toleo la 24.09. Kwa hiyo tumia toleo jipya, na usitegemee alama hiyo peke yake.

SIRI ZA WANACHAMA

Wapo wanaopenda kupeleka kila faili la shaka kwenye VirusTotal, huduma iliyoanzishwa Uhispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, ambayo hulikagua faili kwa makumi ya programu za kuzuia virusi kwa pamoja. Ni msaada mkubwa, lakini una masharti yake. Faili likipelekwa huko huweza kuonwa na wateja wengine wa huduma hiyo. Kama lilikuwa salama na ndani yake mna orodha ya wakulima, namba zao za simu na akaunti zao, basi mkaguzi ndiye aliyeitangaza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na chama cha ushirika kinachotunza taarifa za watu hakiko nje ya sheria hiyo.

Njia iliyo bora ni kupeleka alama ya kidole badala ya faili. Kompyuta inaweza kukokotoa kutokana na faili lolote mfuatano wa herufi na tarakimu 64 uitwao SHA-256. 7-Zip nayo hufanya kazi hiyo. Mfuatano huo hutafutwa kwenye VirusTotal bila faili lenyewe kuondoka ofisini. Kama faili hilo limewahi kukaguliwa na mtu mwingine duniani, majibu yatatokea. Yasipotokea, haina maana kwamba ni salama. Maana yake ni kwamba hakuna aliyelipeleka huko bado.

KWA WANAOTUMIA SIMU

Katibu wengi hupokea mafaili kwa simu kuliko kwa kompyuta. Programu nyingi za Windows haziwezi kufanya kazi katika simu ya Android, na hiyo ni nafuu. Lakini simu ina mwizi wake: faili la .apk, ambalo ndilo kifungashio cha programu za Android na kwa ndani nalo ni ZIP. Hakuna katalogi, ankara wala orodha ya bei inayokuja kama .apk. Simu ikiuliza kama iruhusu kuweka programu kutoka mahali pasipojulikana, kataa, hasa kama simu hiyo ndiyo yenye laini ya fedha za chama. Aidha, kulipokea faili kwa simu na kulipeleka moja kwa moja kwa mhasibu au mwenyekiti bila kulikagua ni kusaidia kulieneza kwa jina la ofisi, na mpokeaji wa pili ataliamini kwa sababu limetoka kwa mtu anayemjua.

LIKIWA LIMEKWISHA KUFUNGULIWA

Aibu ndiyo inayokuza hasara. Karani aliyebofya akaona kioo kimepepesa kisha pakatulia, hunyamaza akitumaini mambo yatapita. Wakati huo mwizi anasoma barua. Ni afadhali ofisi iwe na desturi kwamba anayesema mapema halaumiwi.

Hatua zake ni hizi: ondoa kompyuta kwenye mtandao mara moja, iwe kwa kuchomoa waya au kuzima modemu. Kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama, badilisha neno la siri la barua pepe ya ofisi, kisha la benki. Angalia kama barua pepe imewekewa amri ya kupeleka nakala za barua kwa mtu mwingine, kwa kuwa wezi hupenda kuacha mlango huo wazi hata baada ya neno la siri kubadilishwa. Piga simu benki. Piga simu kwa kila mnunuzi mwenye malipo yanayosubiriwa, umsomee namba ya akaunti kwa mdomo, na mkubaliane kwamba hakuna mabadiliko ya akaunti yatakayokubaliwa kwa barua pepe peke yake. Baada ya hapo toa taarifa polisi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu makosa ya namna hii, na pia kwa TZ-CERT, kitengo cha kushughulikia matukio ya kompyuta kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

KANUNI YA OFISI

Hakuna katika haya yote kinachohitaji fedha nyingi. 7-Zip ni ya bure, kurekebisha Windows ni kazi ya dakika moja, na kompyuta kuukuu ipo kabatini. Kinachohitajika ni chama kuweka kanuni na kuibandika ukutani karibu na mizani: faili lililobanwa halifunguliwi na mtu mmoja peke yake, mtumaji hupigiwa simu kwanza, orodha husomwa kabla ya kutoa kilichomo, na akaunti ya benki haibadilishwi kwa karatasi yoyote iliyotoka ndani ya faili.

Wanunuzi nao wana wajibu wao. Mnunuzi anayeweza kutuma katalogi kama hati moja ya .pdf hana sababu ya kuibana. Akilazimika kubana, ataje kwa simu idadi ya mafaili, majina yake na neno la siri. Wauzaji na wanunuzi wamezoea kukubaliana hivyo kuhusu magunia: idadi, daraja, uzito na lakiri. Faili ni gunia lingine tu katika safari ile ile ya kahawa, kutoka kihambani Kirua Vunjo hadi melini, na upokeaji wake hauna budi kufuata utaratibu ule ule.